Dawa Isiyoonjwa

Nilishuka Butembo kutoka Alimbongo nikiwa nimekaa juu ya magunia ya karoti, na nilipoingia kwa mama mdogo nilimkuta anakunywa chai kwa viganja. Kikombe alikuwa amekibana katikati ya mikono miwili, kama mtu aliyeshika kifaranga. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo, ngozi inang'aa, na viwili vya mkono wa kuume vilianza kuinama upande.

Nikamwuliza imekuwaje. Kabla ya kujibu alitazama mlango wa nyumba ya pili, ile iliyotenganishwa na yake kwa kamba ya kuanikia nguo tu.

"Balininywesha," alisema.

Kwetu neno hilo la kunyweshwa likisemwa hivyo, bila kutaja kinywaji, linatosha. Maana yake sumu. Si ile inayoua papo hapo. Ni ile ya polepole ambayo wengi Kivu wanaiita karuho, inayomla mtu kidogo kidogo huku aliyeitia anakuja kumpa pole. Ndiyo maana anayekaribisha huonja kwanza: anamimina, anakunywa fundo moja mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Soda inafunguliwa ukitazama. Mimi nimelala kwa watu wengi tangu nilipoacha shule, kuanzia machimbo ya dhahabu ya Manguredjipa mpaka mashamba ya kakao ya Oicha, na sijamwona mtu mwenye akili anayepokea kikombe kilichotoka ndani kimejaa, mwenyeji hajakigusa kwa mdomo.

Kikombe cha namna hiyo ndicho mama mdogo alikuwa amepokea. Kilikuwa cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na aliyekileta alikuwa jirani, mwanamke aliyehamia hapo na mume wake kutoka Beni. Mtaa mzima ulijua kwamba mwanamke huyo aliugua Ebola miaka ile, akapona. Watu walimsalimu kwa mbali, wanainua kidevu. Mama mdogo peke yake ndiye aliyempa mkono. Alimwita dada, walibadilishana chumvi na makaa, na siku ile ya kasiksi mama mdogo alikunywa bila kufikiri. Vidole vilipoanza kuuma asubuhi, wanawake wenzake walimsaidia kufikiri.

Wenzake hao ni wa kwenye kahawa. Mama mdogo anachambua kahawa katika bohari ya mnunuzi mmoja. Wanakaa kwenye meza ndefu, punje zinamwagwa mbele yao, na vidole vinatoa mbovu, iliyovunjika, iliyoliwa na mdudu. Vidole vyake ndivyo vilivyonilea baada ya mama yangu kufa. Kwenye meza ile hakuna anayekungojea. Ukichelewa, punje zako zinarundikana na msimamizi anaona.

"Kesho kutwa banakufukuza," nilimwambia.

"Banifukuze. Kwanza nijue nani alinifanyia."

Nilikaa. Nilikuwa na mpango wa kwenda Oicha na lori la kakao, nikauacha. Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, na jambo hili lilikuwa limejaa milango iliyofungwa. Nilimshuku jirani, nakiri, kwa sababu alikuwa akinisalimu kwa upole mwingi mno. Lakini nilishuku pia mambo mengine. Kwa mfano, mama mdogo alikuwa akimeza diclo kutwa kucha, vile vidonge vya maumivu ambavyo maduka yetu ya dawa yanauza kama peremende. Alivimeza tumbo likiwa tupu, kwa sababu kwenye kahawa hakuna muda wa kula. Asubuhi moja akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa.

Hapo mtaa ukamaliza kesi. "Umeona? Inatoka! Ni karuho yenyewe."

Wakampeleka kwa mganga anayetoa karuho. Nilikwenda nao. Mganga alimnywesha maji ya majani machungu, akamwambia atapike ndani ya beseni, akafunika beseni kwa kitambaa, akaomba, akafunua. Ndani kulikuwa na kipande cha nyama na unywele. Wanawake walipiga kelele. Mimi nilisogea karibu, nikaangalia nyama ile. Ilikuwa kavu upande wa chini.

"Papa, unatafuta nini mu beseni ya batu?" mganga aliniuliza.

"Ninaangalia tu."

"Wenye kuangalia sana banapofuka."

Nikarudi nyuma. Mama mdogo alishinda vizuri siku mbili tatu, labda kwa sababu alikuwa ameacha diclo na tumbo lilipumzika. Kisha vidole vikavimba kuliko mwanzo, na magoti yakafuata. Mganga akasema aliyemtia sumu ameongeza. Toka siku hiyo mama mdogo hakuvuka tena kamba ya nguo. Jirani akileta makaa, anayaacha chini, na makaa yanabaki hapo mpaka mvua inayalowesha.

Mimi ndiye niliyemshurutisha kwenda Beni. Nilikuwa nimesikia kwa dereva mmoja kwamba hospitali fulani huko ina daktari anayejua magonjwa ya viungo. Mama mdogo alikubali kwa sababu yake mwenyewe: alitaka kujua sumu ya Beni inatibiwa vipi Beni. Alibeba maji yake ndani ya chupa aliyoifunga mwenyewe, na njia nzima hakuiachilia.

Daktari alikuwa kijana aliyetumwa kutoka mbali, jimbo la Équateur, na Kiswahili chake kilikuwa kinakanyaga Kilingala kila hatua. Alimshika mama mdogo vidole kimoja kimoja, kwa upole, akachukua damu, akatuambia tungoje. Tulipoitwa tena alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Maman, hakuna mutu alikunywesha kitu. Mwili yako iko na basoda, baaskari ya ndani. Kazi yabo ni kulinda. Microbe ikiingia, banapiga. Sasa kwako basoda bamekosea. Banaona viungo ya mikono kama adui, banapiga tu, banapiga, njo maana inavimba, njo moto hiyo unasikia."

Mama mdogo alimtazama, akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu kwa mikono ile mibovu.

"Dokta, umekuja hapa Beni juzi?"

"Niko hapa tangu mwaka ulipita."

"Bado. Unanielezea kama ni kitu mupya! Basoda kupiga benye banalinda? Batoto ya hapa banajua hiyo mbele ya kujua kutembea. Endelea, papa, endelea, ninaelewa."

Daktari naye alicheka, lakini kidogo, akatazama mlango. Kisha akaeleza dawa. Vidonge vyeupe vitazima moto wa juu upesi. Lakini havifai kwa muda mrefu, vinavimbisha uso na kulainisha mifupa, na siku ya kuviacha hatakiwi kuviacha ghafla, atavipunguza pole pole kama yeye atakavyomwambia. Vidonge vidogo vya njano ndivyo dawa yenyewe. Vinakwenda polepole, wiki nyingi, lakini vitawalaza wale askari.

Mama mdogo aliacha kucheka.

"Kulaza balinzi?"

"Kidogo tu, maman. Kupunguza kasirani yabo."

"Hapa kwetu? Unalaza balinzi, na mwizi akikuja?"

"Akikuja, unakuja kwangu mbio. Homa, kikohozi, kidonda chenye hakiponi, usingoje. Na damu tutaangalia kila mara." Hakuficha. "Lakini vidole ikijikunja yote, maman, hairudi. Hakuna dawa ya kuirudisha. Tuko na muda kidogo."

Hilo la kutoficha lilinisumbua. Nimefanya biashara ndogondogo nyingi, na najua muuzaji anayekuonyesha kasoro ya bidhaa yake ni wa aina mbili: mwaminifu, au yule mwenye kasoro kubwa zaidi anayotaka usiitafute. Nilimtazama macho. Sikuona kitu. Lakini hata ndani ya beseni la mganga, nyama ilijitambulisha kwa sababu tu nilitazama chini yake, na daktari huyu sikuwa na namna ya kumtazama chini.

"Nani ataonja?" mama mdogo aliuliza.

Daktari alidhani ni mzaha. Nilipomweleza desturi, alitikisa kichwa, na nilipotaka kupokea pakiti ya njano alinishika mkono kwanza. "Sikiliza. Hii haionjwe. Hata weye. Ni siku moja tu ndani ya wiki, siku ile ile. Akimeza kila siku itamuua, kweli, vraiment. Na mwanamuke mwenye mimba asiiguse, hata na kidole, itaharibu mutoto. Kwenu kuko mwenye mimba?"

"Ni mimi tu na mvi yangu," mama mdogo alijibu. "Unataka kunioa?"

Tulirudi Butembo na dawa mbili na shaka nyingi.

Vile vyeupe nilionja, kwa kuwa vyenyewe sikukatazwa. Nilimeza kimoja mbele yake, akanitazama mchana kutwa kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa. Nilisikia njaa ya ajabu, nikala ugali wangu na nusu ya wake. Goti langu la zamani, lililoumia kwenye lori, lilinyamaza. Hilo nalo nililishuku. Kitu kinachonyamazisha maumivu uliyoyazoea miaka mingi kinajua njia nyingi ndani ya mwili wako. Nilikumbuka wasichana wa Manguredjipa waliokuwa wakimeza vidonge vya jamii hiyo ili wanone mashavu, na mmoja wao aliyebaki na uso mviringo juu ya miguu myembamba kama kuni.

Lakini mama mdogo aliviamini, kwa sababu nilionja na sikufa. Siku chache tu, uvimbe ukashuka. Akafunga kitenge mwenyewe. Akarudi kwenye meza ya kahawa, na wenzake wakasema mganga alikuwa amefanya kazi nzuri, dawa ilichelewa tu kuingia.

"Ile ya njano ya kazi gani sasa?" aliniuliza. "Nimepona."

"Dokta alisema nyeupe inazima moshi tu. Moto iko ndani."

"Dokta alisema, dokta alisema. Dawa ya kukataza mutu kuonja ni dawa gani? Hata padri anakunywa kwanza kikombe mbele ya kutupatia."

Nikachukua pakiti ya njano nikaenda kwa muuza dawa wa barabarani ninayemfahamu. Aliigeuza, akasoma, akaniangalia kwa huruma. "Hii ni ya kanseri, ndugu. Mama yako iko na kanseri?" Nilimwambia hana. "Basi banamujaribia." Nilitoka pale nikiwa na hasira, sijui kwa nani. Nilimpigia daktari simu. Akasema ni kweli, kwa kanseri inatolewa nyingi mno, kwa viungo kidogo tu, dawa moja kazi mbili. Alisema kwa sauti ya mtu anayekula. Sikujua kama nimwamini zaidi au kidogo kwa sababu alikuwa anakula.

Pakiti ilikaa juu ya kabati. Vyeupe vikaendelea kupungua, na mashavu ya mama mdogo yakaanza kujaa. Kila mtu alimpongeza. Asubuhi, nilipomtazama anavyofunga vifungo vya blauzi, niliona kidole cha pili cha mkono wa kuume kimelala juu ya jirani yake, hakinyooki hata akikivuta.

Yeye pia aliona. Jumapili hiyo alirudi kutoka misa, akaketi uani karibu na mbabula, jiko letu la makaa, ambalo makaa yake yalikuwa bado yanafuka moshi, akaniambia: "Leta ile ya njano. Na umuite."

"Nani?"

"Ule wa Beni. Mwenye kunifunga afungue. Akionja, nitameza. Akikataa, nitajua."

Nikamwita. Sikuwa na moyo wa kuvuka kamba ile ya nguo, lakini nilitaka kuona, hiyo ndiyo tabia yangu. Jirani alikuja akifuta mikono kwenye kitenge. Mama mdogo alimwonyesha kiti kidogo upande wa pili wa mbabula, akasema kwa sauti tamu iliyonitia baridi:

"Karibu, dada. Siku mingi. Dokta ya kwenu Beni alinipa hii." Alikuwa ameviweka vidonge vya wiki ile, vile vichache vya kumezwa pamoja siku moja, juu ya kisahani. "Weye uko mutu ya Beni. Onja kimoja, nami nitafuata."

Jirani aliketi. Alitazama kisahani, kisha akaniuliza mimi: "Njo ile ya mara moja kwa wiki?"

Ukuta wetu ni wa mbao. Alikuwa amesikia yote tuliyosema tangu turudi.

"Njo yenyewe," nilisema.

Akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Sitaonja."

Mama mdogo alinigeukia. "Umeona? Umeona sasa? Mbele ya macho yako!"

"Dada, ngoja."

"Usiniite dada! Kasiksi ya siku ile, ulionja? Jibu. Ulionja?"

"Hapana."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuhukumu. Nilikuwa natafuta tayari ni nani nitamwita mtaani.

"Sikuonja," jirani alisema, "juu nilitaka ukunywe. Tangu nimefika huu mutaa, nani alikunywa nyuma ya midomo yangu? Mutaje mumoja. Kwa ubatizo ya kule juu nilionja chai, nikapanga vikombe, bote bakasema bameshiba. Nikionja, munaogopa mate yangu. Nisipoonja, munaogopa mukono yangu. Niambie weye, nifanye namna gani?"

"Mimi ningekunywa," mama mdogo alisema.

"Ungekunywa?"

Mama mdogo alikivuta kisahani karibu yake kwa kiganja.

"Na mimi," jirani aliendelea, sasa polepole, "nani alinionjea? Nilikuwa mu chumba ya plastiki. Batu bamevaa mpaka kichwa, unaona macho tu. Banaleta mufuko ya maji, banasema ndani muko basoda ya kuazima, balitengenezwa kwa kufuata damu ya Mukongomani moja alipona zamani. Nikasema, sawa, leo njo banatumaliza. Dada yangu alikuwa kwa kitanda ya pembeni. Yeye alikataa. Alisema baonje kwanza. Alinishika macho, anataka nami nikatae." Akautoa mkono mmoja nyuma ya mgongo. "Mimi nilinyoosha mukono."

Hakusema dada yake alifika wapi. Haikuhitajika.

Mama mdogo alikuwa anatazama kisahani. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Basi kama unaamini dawa yabo, hii unaogopea nini?"

Jirani alitazama lango, akatazama madirisha ya nyumba za juu, kisha akainamia mbabula kama anayetaka kupuliza makaa.

"Mutoto yako alisema mwenye mimba asiiguse."

Mimi, kwa tabia yangu, nilimtazama tumbo. Halikuonyesha kitu. Mtu anaweza kusema hivyo tu, nikafikiri, ni kisingizio kizuri kuliko vyote, hakuna anayeweza kukipima hapa uani. Lakini mama mdogo hakutazama tumbo. Alitazama uso. Kwetu mwanamke hatangazi mimba changa, hata kwa mama yake, kwa sababu ya macho ya watu. Na kuhusu huyu, watu walikuwa wamekwisha kusema kwamba tumbo la aliyepona Ebola halizai, au linazaa ugonjwa. Kulisema neno hilo mbele ya mwanamke anayekuita mchawi, na mbele ya mtu wa njia kama mimi, ilikuwa kumkabidhi adui kisu.

"Nani anajua?" mama mdogo aliuliza.

"Bwana yangu. Na nyinyi sasa. Hata mama mukwe hajue."

"Huyu hatasema," alisema akinionyesha kwa kidevu. "Akisema nitamukata ulimi na hii meno yangu tatu."

Sikusema. Mpaka nilipoandika hapa, na hapa hamna jina.

Mama mdogo alijaribu kuokota kidonge. Kilikimbia chini ya vidole vyake, kikazunguka kisahani, kikakimbia tena. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akanipiga kiwiko. Akainamisha kichwa mpaka kwenye kisahani, akavichukua kwa midomo, kimoja baada ya kingine, vyote vya wiki ile, bila mtu yeyote kutangulia. Nilimshikia maji. Alikunywa, akafumba macho, akangoja kama anayesikiliza mtu anayetembea ndani ya nyumba.

"Haina ladha," alisema hatimaye.

"Ile yangu pia haikukuwa na ladha," jirani alijibu.

Upepo uligeuka, moshi wa mbabula ukamwendea jirani usoni, akaanza kukohoa. Mama mdogo alimkemea: "Weye, na hali hiyo, unakaa mu moshi? Sogea." Jirani hakusikia, au hakuamini. Mama mdogo akanyoosha mguu, kwa sababu mikono haikuweza, akasukuma kiti cha mwenzake, na mwenzake juu yake, kikikwaruza ardhi, mpaka kikafika upande wake yeye, ambako moshi haukufika.